Idara ya kilimo ya jimbo si bwana shamba, lakini ipigie simu

*"Mtaalamu, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, huu ni mwaka wangu wa sita Iowa. Nimekodi ekari moja na nusu nje kidogo ya mji. Nalima mchicha, ngogwe, nyanya na matembele, nauza gulioni Jumamosi na kwa Waafrika wenzetu. Wiki iliyopita jirani mwenye soya alipuliza dawa siku ya upepo. Baada ya siku nne majani ya nyanya yakajikunja kama vikombe na mashina yakapinda. Mwenzangu mmoja anasema niende idara ya kilimo ya jimbo, watanilipa na kunipa mkopo wa kuanza upya. Mwingine ananionya: ukiwaita, watakugeukia wewe, wakague kuku wako, mizani yako na mbegu ulizoletewa kutoka nyumbani, mwisho wakufungie. Hiyo idara kazi yake hasa ni nini? Niwaite au ninyamaze?"*

Dada yangu, pole kwa hasara. Waite, tena leo, kabla hujamaliza kusoma maelezo yangu marefu. Sheria ya Iowa inataka taarifa ya madhara ya dawa ifike idarani ndani ya siku 60, na kama ni zao lililo shambani, kabla hujavuna nusu yake. Siku 60 zinasikika nyingi, lakini jani halisubiri. Masalia ya dawa ndani ya mmea hupungua kila siku, na mkaguzi anayefika baada ya wiki sita huenda akakuta dalili tu bila ushahidi wa maabara. Wakati unamngoja using'oe kitu. Piga picha asubuhi na tena baada ya siku mbili tatu: jani kwa karibu, kisha mstari mzima, kisha shamba lote ukiwa umesimama upande wa jirani. Andika tarehe, saa uliyoona trekta na upepo ulivumia wapi. Na usiuze mboga za shamba hilo kwa sasa. Sababu nitakupa huko mbele.

Wenzako wawili wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake, na kosa lao naliona mara nyingi kwa watu waliotoka kwetu. Nyumbani ukisema "ofisi ya kilimo" mtu anamfikiria bwana shamba au bibi shamba, yule anayekuja na pikipiki kukuonyesha nafasi ya mche na mche, na ambaye mbolea ya ruzuku ikija jina lako liko kwake. Ushauri, pembejeo na serikali vinakaa kwenye kiti kimoja. Marekani vimegawanywa, na mgawanyo huo ni wa zamani. Mwaka 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria iliyounda wizara ya kilimo ya taifa zima, na wiki chache baadaye ile iliyotoa ardhi ya umma ili majimbo yaanzishe vyuo vya kilimo. Iowa lilikuwa jimbo la kwanza kuyakubali masharti ya vyuo hivyo, mwaka huohuo. Mwaka 1914 ikaja sheria ya tatu, ya kuvipeleka vyuo hivyo hadi kwenye kaunti kufundisha wakulima. Ndiyo huduma za ugani. Idara ya kilimo ya jimbo la Iowa ilipoundwa mwaka 1923, basi, kiti cha mwalimu kilikuwa na mwenyewe. Cha mkopeshaji nacho kikaenda kwa serikali ya shirikisho.

Jimbo lilibaki na kazi ambayo mimi huieleza hivi: idara hii inalinda kile kinachotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mbegu inatoka kwa muuzaji inaingia kwenye ndoo yako. Nani alithibitisha kwamba asilimia ya uotaji iliyoandikwa kwenye mfuko ni ya kweli? Chakula cha kuku, mbolea, maziwa, nyama iliyochinjwa kwenye kiwanda kidogo, mahindi ambayo mkulima ameyaacha kwenye ghala la mwingine akingoja bei, yote hayo yana mtu mwenye haki ya kuuliza, "hiki ndicho ulichosema ni hiki?" Kesho ukijaza mafuta ya gari, itazame pampu. Utaona kibandiko cha mkaguzi wa vipimo, na kimetoka idara hiyohiyo ya kilimo, kwa kuwa mizani na vipimo vya biashara vya Iowa viko chini yake. Hata mkuu wake si mteule wa gavana: wananchi wanampigia kura kila baada ya miaka minne. Jina lake kamili, ili usipotee ukiitafuta, ni Iowa Department of Agriculture and Land Stewardship.

Dawa inayovuka uzio ni mfano halisi wa kitu kinachotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila ridhaa. Ndiyo maana shauri lako ni lao kabisa. Viuatilifu vinasajiliwa na serikali ya shirikisho kupitia shirika la mazingira, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1947 na kukazwa sana mwaka 1972, lakini wanaokwenda shambani kuchunguza ni watu wa jimbo. Silaha yao ni lebo. Ile karatasi iliyobandikwa kwenye galoni ina nguvu ya sheria: ikisema usipulize upepo ukizidi kasi fulani, au usipulize ukiwa unavumia kwenye zao lenye kudhurika, aliyepuliza amevunja sheria hata kama soya yake imependeza.

Sasa dalili zako. Majani kujikunja kama vikombe na mashina kupinda ni alama ya kundi la dawa za magugu zinazoiga homoni ya ukuaji ya mmea. Dikamba na 2,4-D ndizo zinazotajwa zaidi kwenye nchi ya soya. Haziunguzi mmea, zinauchanganya. Seli za upande mmoja wa shina zinarefuka kuliko za upande mwingine, shina linapinda. Jani changa linashindwa kutanuka sawasawa, linabaki limejikunja. Nyanya na mizabibu zinadhurika kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho mahindi yasingekihisi. Hii dikamba imegombanisha majirani wengi tangu mwaka 2016, ilipoanza kuruhusiwa kupulizwa juu ya soya iliyotengenezwa kuihimili, na mahakama za shirikisho zimeshabatilisha vibali vyake mara mbili, mwaka 2020 na 2024.

Dawa ina njia mbili za kukufikia. Ya kwanza ni matone kupeperushwa na upepo wakati trekta linapita, na hapo madhara huwa makali mpakani, yakipungua kadiri unavyoingia ndani. Ya pili ni mvuke: dawa imeshatua kwenye soya, halafu siku ya joto inanyanyuka na kutembea, pengine jioni, hakuna anayeiona. Mvuke hupaka shamba zima karibu sawasawa. Tofauti hii ina uzito kisheria, kwa sababu mtu aliyepuliza siku tulivu akafuata lebo yote, kisha dawa ikanyanyuka kesho yake, ni vigumu kumkuta na kosa. Ndiyo maana nimekuomba picha ya shamba lote ukiwa mpakani. Inasimulia yenyewe.

Kuna swali ambalo mkaguzi atakuuliza, heri ulisikie kwangu kwanza. Je, msimu huu uliweka samadi, mboji au nyasi kavu za kununua? Zipo dawa za malisho zinazofanya kazi kwa namna hiyohiyo. Ng'ombe akila nyasi zilizopulizwa, dawa inapita tumboni, inatoka na kinyesi ikiwa bado hai, inakuja kukunja nyanya za mtu asiye na jirani mwenye dawa hata mmoja. Virusi vya nyanya navyo hukunja majani, na joto kali hali kadhalika, ingawa kwa joto jani huviringika kwenda juu bila shina kupinda hivyo. Sisemi kwamba jirani hana kosa. Siku nne baada ya kupulizwa, kwenye upepo, ni ushahidi mzuri. Lakini ukijibu "samadi sikuweka" kwa uhakika, neno lako linapata uzito.

Ukishapiga simu, mlolongo wake huwa hivi. Mkaguzi wa viuatilifu anakuja, anachukua maelezo yako, anapiga picha zake, anakata sampuli za majani na kuzipeleka maabara. Kisha anakwenda kwa jirani au kampuni iliyompulizia: leseni ya mpulizaji iko wapi, dawa gani, saa ngapi, upepo ulikuwa kasi gani. Kwa dawa zenye masharti makali hata mkulima anayejipulizia mwenyewe anatakiwa na sheria ya shirikisho kuandika kumbukumbu ndani ya siku 14 na kuzitunza miaka miwili. Mkaguzi hulinganisha kumbukumbu hizo na taarifa za hali ya hewa. Kazi hii haiendi haraka. Hesabu miezi, na katikati kunaweza kuwa na kimya cha kukufanya udhani wamekusahau. Pata namba ya shauri lako siku ya kwanza, na uwe unaiulizia.

Mwisho wa yote, jirani akionekana amevunja lebo, anaweza kupewa onyo, kutozwa faini au kusimamishiwa leseni. Faini hiyo haiji kwako, dada yangu. Idara haina mamlaka ya kukulipa wala ya kumlazimisha jirani akulipe, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo na kusema walipiga simu bure. Hawakupiga bure. Faili la mkaguzi, lenye majibu ya maabara na kumbukumbu za upepo, ndilo utakaloomba nakala yake uende nalo kwa bima ya jirani au mahakamani. Madai madogo ya Iowa yanapokea kesi ya hadi dola 6,500, na humo mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Bila lile faili, utabaki na neno lako dhidi ya lake. Kwa hiyo anza leo kuandika ulichouza gulioni kila Jumamosi mwaka jana na mwaka huu, hata kama ni kwenye daftari la shule la mtoto. Hasara isiyo na hesabu hailipwi na mtu.

Na kwa nini usiuze? Kwa kila dawa, serikali huweka kiwango cha masalia kinachoruhusiwa zao kwa zao. Kiwango cha soya hakihamii kwenye mchicha. Kama dawa hiyo haijawekewa kiwango kwenye mboga zako, basi masalia yoyote, hata madogo, yanaifanya mboga isiruhusiwe kuuzwa. Pengine haitamdhuru mlaji. Sheria haiulizi hivyo. Muulize mkaguzi moja kwa moja ni mazao gani yasubiri na mpaka lini, na jibu lake alitoe kwa maandishi.

Tuje kwenye hofu ya yule mwenzako wa pili. Mkaguzi wa viuatilifu anakuja kwa ajili ya kupulizwa kwa dawa. Hata hivyo sitakudanganya kwamba anatembea amefumba macho, na nyumba ya kilimo ni moja. Basi tuyatazame hayo matatu.

Kuku. Wachache wa mayai si kosa kwa idara hii. Uuzaji wa mayai na leseni za vyakula vya gulioni Iowa viko idara nyingine kabisa, ya ukaguzi na leseni, na ndiyo utakayoiuliza kuhusu vyakula vya kupika. Kuku wa kuchinja ndio wa kuangalia. Sheria ya shirikisho ina msamaha kwa anayefuga na kuchinja wake mwenyewe wasiozidi 1,000 kwa mwaka, lakini msamaha una masharti na jimbo linaweza kubana zaidi, kwa hiyo uliza kabla ya kisu, si baada. Na wakianza kufa ghafla, mpigie simu daktari wa mifugo wa jimbo siku hiyohiyo, naye yuko idara hii ya kilimo. Mwaka 2015 homa ya ndege iliondoa kuku na bata mzinga zaidi ya milioni 30 Iowa peke yake. Kwenye jambo hili hawana mzaha, na kwa mfugaji anayeripoti mapema huwa ni watu wa msaada.

Mizani. Ukiuza kwa uzito, mizani lazima iwe ya biashara, na wakaguzi wa vipimo wana haki ya kuijaribu. Ile ya jikoni haifai. Lakini nani kakulazimisha mizani? Uza mchicha kwa fungu kama ulivyozaliwa ukiuona, nyanya kwa kikapu, ngogwe kwa idadi. Suala la mizani linakwisha hapo.

Mbegu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa upendo. Mbegu kutoka nje ya nchi zina sheria ya shirikisho: zinahitaji kibali au hati ya afya ya mimea, na za kwenye sanduku la nguo za shangazi hazina. Tunaona ni roho mbaya ya watu wa forodha. Kumbuka mwaka 2020, pakiti za mbegu zisizoagizwa zilipoanza kuingia kwenye visanduku vya barua Marekani nzima, nyingi zikionyesha zimetoka China. Idara za kilimo za majimbo ndizo zilizowaambia watu wasizipande wala kuzitupa, wazilete. Na mchicha una sababu yake ya pekee. Una ndugu anaitwa Palmer amaranth, gugu linaloweza kupita kimo cha mtu mzima, lenye mbegu laki kadhaa kwa mmea mmoja na ukaidi kwa dawa nyingi za magugu. Liligunduliwa Iowa mwaka 2013, likasambaa mwaka 2016 kwa kujificha ndani ya mbegu za kupanda maeneo ya hifadhi, na mwaka 2017 likawekwa kwenye orodha ya magugu hatari ya jimbo. Mbegu zake na za mchicha wetu, ndogo, nyeusi, zinazong'aa, kwa macho hutazitenganisha. Sasa fikiria mkulima wa soya anayechungulia uzio na kuona tuta zima la kitu cha jamii hiyo limemwagiliwa maji na kupaliliwa. Mweleze ni mboga, mpe na fungu moja aonje. Zile mbegu za nyumbani zilizobaki usizipande tena, usimgawie mtu, wala usizitupe jaani. Uliza idara namna ya kuzikabidhi. Mbegu za mchicha zinauzwa hapahapa Marekani, zenye lebo.

Kama hofu yako ya ndani zaidi ni ya karatasi za ukaaji, najua wengi hawaiandiki kwenye swali. Mamlaka ya mkaguzi huyu yanatoka kwenye sheria ya viuatilifu. Kazi yake si uhamiaji. Ukiwa na wasiwasi wowote juu ya hali yako, zungumza na wakili wa uhamiaji kwanza, si na mimi wala na jirani.

Mkopo haupo idara hii. Upo kwenye ofisi ya shirikisho iitwayo Farm Service Agency, yenye vituo kwenye kaunti, na aina inayokufaa ni mkopo mdogo wa hadi dola 50,000, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa kuwafikiria watu wa mashamba madogo. Yapo masharti ya hali ya ukaaji na ya uzoefu wa kilimo, basi ulizia hayo kabla ya kujaza fomu. Ushauri wa kilimo, yaani bwana shamba wako hasa, yuko Iowa State University Extension and Outreach, na kila kaunti ina ofisi. Ningekuwa wewe, kesho ningempelekea picha za majani. Jicho lake la pili ni la bure na halimshtaki mtu.

Idara ya jimbo yenyewe ina mawili ambayo wakulima wadogo hawaiombi kwa kutojua. La kwanza ni uthibitisho wa kupokea vocha za mboga za gulioni, zile wanazopewa akina mama wajawazito, wenye watoto wadogo, na wazee wenye kipato kidogo. Iowa huendesha mpango huo kupitia idara ya kilimo, na mkulima asiyethibitishwa hawezi kuzipokea. Huenda baadhi ya wateja wako wanazo mkononi. La pili ni rejesta ya hiari ya FieldWatch, ambamo mwenye angalau nusu ekari ya mazao ya biashara yenye kudhurika huweka shamba lake kwenye ramani ambayo wapulizaji huitazama kabla ya kutoka. Haina malipo. Haizuii upepo, lakini mwakani jirani hatasema hakujua kuna nyanya pale.

Nikwambie ni lini simu haitoshi. Mtoto au mtu yeyote akiguswa na dawa, kisha akapata muwasho wa macho, kichefuchefu au shida ya kupumua, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi, piga 911 au kituo cha sumu, na idara baadaye. Ukishapata majibu ya maabara na hasara yako ikazidi kile kiwango cha madai madogo, kaa na wakili uso kwa uso kabla hujasaini karatasi yoyote kutoka bima ya jirani, kwa kuwa nyingi zina mstari unaosema hutadai tena. Na ukipiga simu idarani, omba mkalimani wa Kiswahili palepale mwanzoni, usimtume mtoto akufasirie. Sentensi ya kwanza iwe fupi: nataka kuandikisha malalamiko ya dawa iliyopeperuka, tarehe ni hii, mazao ni haya, bado sijavuna nusu yake.